Sifa za Mtu wa Penseli ya Buluu

Katika Nyumba ya Wasiokufa watu hufa kama kwingineko, kwa mafua na kwa uzee, soksi zikiwa miguuni. Kisichokufa ni kiti. Viti viko arobaini, vimepangwa nusu duara, na mwandishi akishaketi juu ya kimoja huitwa Asiyekufa mpaka siku anapokufa, ndipo wenzake hukipangusa vumbi kiti chake na kumtafuta mwingine wa kutokufa. Wenyewe wanasema ni heshima. Anselmo Quintela, ambaye kwa miaka yake yote sabini na mmoja aliinusa heshima kama mtu anusavyo maziwa ya jana kabla ya kuyanywa, alisema ni mtego. Kisha akaomba aingie.

Usimcheke bado. Alizaliwa katika mji mdogo juu ya mto, kwenye nchi ile pana ya kahawa inayosema Kireno cha puani, mtoto wa mpiga simu za maandishi, na hapo ndipo alipojifunzia kushuku. Baba yake alipokea habari za misiba ya watu kabla wenyewe hawajaijua, akapita mbele ya milango yao akiwasalimu kama kawaida, karatasi ya simu imo mfukoni. Mtoto aliyeona salamu za namna hiyo haamini tena salamu. Alipofika miaka kumi na saba akaingia gazetini, katika jiji la vilima na tramu, kazi yake kusahihisha makosa ya wengine. Baadaye akawa mwandishi wa habari, baadaye tena akawa mtunga riwaya, na riwaya zake zikafika tisa. Katika kila moja yuko mwanamke anayetoweka, na katika zote tisa hana jina. Wahakiki wakakuna vichwa vyao. Mmoja akasema mwanamke huyo ni nchi, wa pili akasema ni uhuru, wa tatu, aliyesoma ng'ambo, akasema ni wakati wenyewe unaotukimbia. Wakampa tuzo. Anselmo akainama, akazipokea, wala hakuwasahihisha, yeye aliyeanza maisha kwa kusahihisha.

Mwanamke yule hakuwa nchi. Alikuwa Zulmira Passos, mpangaji herufi katika gazeti lao, mwenye miaka ishirini na tisa na vidole vyeusi vya wino, aliyeweza kuisoma sentensi kinyumenyume upesi kuliko wahariri walivyoisoma ikiwa imenyooka. Askari walimchukua Alhamisi moja saa nne asubuhi, aproni ingali kiunoni. Majenerali waliokuwa wakitawala wakasema hakuna mtu wa jina hilo. Daftari la wafanyakazi lilipofunguliwa, ukurasa wake ulikuwa umechanwa. Na katika nchi ile mtu asiyeandikwa popote hawezi kufa, maana hakupata kuwapo. Na asiyekufa hasomewi misa ya siku ya saba, nayo ndiyo misa inayomruhusu mama kukaa chini alie.

Mama yake, Dona Benedita, hakwenda shule. Baada ya binti kuchukuliwa alijifunza kusoma neno moja tu, jina la Zulmira, akalizoea umbo lake kama mtu anavyozoea uso. Kila asubuhi alifungua gazeti juu ya meza ya jikoni, akatembeza kidole mstari kwa mstari, kuanzia hotuba za wakubwa hadi matangazo ya sabuni, akilitafuta umbo lile. Halafu alikuwa akishuka kilima kwenda ofisini kwa Anselmo, kwa sababu Zulmira alimsifu sana Anselmo pale nyumbani.

"Leo pia sijaliona, mwanangu."

"Niliandika, mama. Wamelikata."

"Ni nani huyo anayekata?"

"Barradas."

Miaka thelathini na minane mazungumzo yalikuwa hayo hayo, hata baada ya majenerali kurudi makwao kulea farasi. Anselmo akawa na jibu la pili: kwamba sasa wenye gazeti hawataki kufukua mambo. Lakini mzizi wa yote, alisema, ni Barradas.

Heráclito Barradas alikuwa mkaguzi. Majenerali walimweka chumba cha habari, wakampa meza ya dirishani na penseli ya buluu iliyochongwa vizuri. Kila habari ilipita chini ya penseli ile kabla ya kupigwa chapa. Alichokikata kilizibwa kwa taarifa za mvua. Alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi kidogo, aliyeomba radhi kila alipokata. Enzi ile ilipokwisha aliandika vitabu vitatu vyembamba kuhusu bustani yake, na kwa kuwa dunia haina aibu wakampa kiti cha kumi na tisa. Mwaka huu akafa, kwa kikohozi kile kile. Anselmo akaomba kiti hicho na si kingine.

Ndiyo maana nilisema usimcheke. Nyumba ile ina desturi: anayeingia lazima hotuba yake ya kwanza imsifu aliyekikalia kiti kabla yake. Familia ya marehemu humpa ufunguo wa chumba chake cha kusomea, azipekue karatasi, ajue atakachosifu. Na hotuba hiyo hutangazwa kesho yake katika magazeti yote, neno kwa neno, hata pale msemaji alipokohoa, wala hakuna mhariri, waziri au askofu mwenye ruhusa ya kuondoa hata nukta. Ila msemaji akiacha kumsema marehemu akasema mengine, rais wa Nyumba hupiga kengele, na baada ya kengele hakichapwi kitu. Anselmo alipiga hesabu yake mapema. Jina la Zulmira litaingia gazetini likipitia mgongoni mwa Barradas: *huyu ndiye aliyelikata jina la Zulmira Passos.* Ni habari za marehemu, kengele haina la kusema. Alichohitaji ni karatasi moja tu yenye jina hilo na mstari wa buluu juu yake, asije akaambiwa mzushi. Kwa umri ule wa Dona Benedita, nafasi nyingine isingepatikana.

Desturi ya pili ni kwamba anayeomba kiti awatembelee Wasiokufa wote thelathini na tisa majumbani mwao, avue kofia, aombe kura. Ziara hizo si za kupendeza. Mwenyeji hujua kwamba mgeni ameletwa na kifo cha mwenzake, basi huvuta pumzi kwa uangalifu, asije akaonekana na yeye anakaribia. Naye Anselmo alimshuku kila mwenyeji. Biskuti ikiwa imevunjika, alijiuliza imevunjwa na nani. Kikulacho ki nguoni mwako, walinena waliotutangulia, na Anselmo aliisadiki sana methali hiyo, ila kila mara alikwenda kupekua nguo za wenzake.

Wa mwisho alikuwa rais mwenyewe, Tibúrcio Lacerda, mzee wa miaka tisini na mmoja, ambaye chai yake ilikuwa imemiminwa kikombeni kabla mgeni hajabisha.

"Karibu, Barradas," alisema. "Umekonda."

"Barradas ni marehemu, mheshimiwa. Mimi ni Anselmo Quintela."

"Ndiyo, ndiyo. Hata yeye alipokuja alisema hivyo hivyo."

Kisha mzee akamwahidi kura, kama walivyofanya wenzake wote. Anselmo hakuimaliza chai. Kwenye tramu alikaa kiti cha nyuma kabisa ili asiwe na mtu kisogoni, akawaza.

*Alisema hivyo hivyo vipi. Mzee amechoka akili, au amenusa. Na kura zote thelathini na tisa, zote, hata mtakatifu hapati zote. Ukiona mlango umefunguliwa kabla hujagonga, uliza nani kakaa nyuma yake. Wananitaka ndani ili ninyamaze. Sawa. Watanipigia kengele. Lakini kwanza nitasema. Je, nitasema? Mimi ni mtu wa kusema. Nimeandika riwaya tisa. Mtu mwenye riwaya tisa amesema.*

Hapo wakati ulianza kumchezea. Ndani ya Nyumba ile ni Alhamisi daima, maana Alhamisi ndiyo siku ya chai yao, na wazee hawaoni sababu ya kuwa na siku nyingine. Anselmo alikuwa bado hajaapishwa, lakini Alhamisi ile ilikwisha kumwandama mpaka mtaani. Aliamka Jumapili, kengele za kanisa zikilia, akakuta gazeti mlangoni limeandikwa Alhamisi. Akalinyanyua, akalitazama nyuma na mbele, akadhani jirani anamfanyia mzaha. Hatimaye, kura zilipokwisha kupigwa, akaenda kwa mjane wa Barradas kuchukua ufunguo, siku isiyojulikana ni ipi.

Dona Eulália alimfungulia mwenyewe. Alikuwa mwembamba, amevaa nyeusi, na alimwangalia Anselmo kama mtu anayempokea ndugu aliyechelewa kutoka safari.

"Kahawa yako huweki sukari," alisema. Hakuwa akiuliza.

"Nani amekwambia, Dona?"

"Marehemu. Alijua kila kitu chako."

Chumba kilikuwa kidogo, kina makabati ya droo, kila droo imebandikwa mwaka. Anselmo alivuta moja. Ndani mlikuwa na karatasi za Anselmo mwenyewe, asili kabisa, zilizopigwa kwa taipureta yake, maana mkaguzi alidai asili na si nakala. Hapa sentensi kuhusu bei ya maharage, ina mstari wa buluu. Hapa aya kuhusu farasi wa jenerali, farasi aliyezikwa kwa kupigiwa mizinga, ina mstari wa buluu. Pembeni, kwa herufi ndogo: *Hii ni nzuri mno, haiwezi kupita.* Pengine: *Radhi, Anselmo.* Akasoma saa nzima, saa mbili, na jambo la aibu likamfika, nami nalisema waziwazi: alifurahi. Hakuna aliyepata kumsoma hivi. Wahakiki waliomvisha nishani walisoma kurasa mbili za mwanzo na moja ya mwisho. Mtu huyu alisoma kila koma. Kuna mistari hakukumbuka tena kama aliitunga yeye au Barradas ndiye aliyeinyoosha, na mingine iliyokatwa ilikuwa bora kuliko vitabu vyake vyote. Aliinua macho akajiona katika kioo cha kabati, na kwa muda mfupi hakuwa na hakika ni yupi kati yao aliyeketi pale.

"Za wengine ziko wapi?" aliuliza.

"Alizitupa. Za kwako ndizo alizotunza."

Akavuta droo ya mwaka ule Zulmira alipochukuliwa. Karatasi za wiki ile zilikuwa saba. Alizisoma. Akazisoma tena. Akazigeuza. Halafu akavuta droo ya mwaka uliofuata, na ya mwaka wa tatu, hadi ya kumi na moja, mwaka majenerali walipoondoka. Bei za maharage zimo. Farasi yumo. Jina la Zulmira halikuwamo, si lililokatwa wala lisilokatwa.

"Umeondoa karatasi humu, Dona Eulália."

"Niondoe ya nini?"

"Yenye jina la Zulmira Passos. Umemfichia mumeo aibu."

Mjane akaweka kikombe chini taratibu. "Bwana Anselmo, sikiliza. Mume wangu alikaa meza ya dirishani siku ile. Aliona, kama wewe ulivyoona. Alirudi nyumbani hakula. Akaniambia, kesho Anselmo ataleta jina la yule binti, na mimi sijui nitafanya nini. Pengine nitaliacha lipite, waje wanichukue na mimi. Kesho yake hukuleta. Akasema, anajipanga, ataleta wiki ijayo. Alikungojea miaka kumi na mmoja. Kila asubuhi alichonga ile penseli, akaenda akiogopa kwamba leo ndiyo leo. Hakuna mtu aliyemtisha mume wangu kama wewe, kwa karatasi ambayo hukuileta."

"Uongo."

"Soma ya juu."

Karatasi ya juu, katika zile saba, ilikuwa ya Ijumaa, siku moja baada ya tukio. Ilikuwa safi, bila alama yoyote ya buluu, na ilipita kama ilivyoandikwa: *Jana asubuhi mfanyakazi mmoja wa kiwanda cha chapa aliondoka kazini mapema.*

Anselmo akaipeleka dirishani. Akaitafuta hila. Herufi ya k ilikuwa imeruka juu ya mstari kidogo, na taipureta ya k hiyo iko nyumbani kwake hadi leo. Akainusa. Akaikunja kona aone kama wino ni mpya. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini huyu alikuwa ameushika ung'ongo mkononi na ulikuwa ung'ongo kweli, na nyoka hakuonekana kokote chumbani isipokuwa pale aliposimama yeye.

*Niliandika. Nakumbuka niliandika. Nakumbuka Z, ile Z ilikuwa nzito kuigonga. Niligonga Z. Kisha nikasikia kikohozi dirishani. Kisha nikatoa karatasi. Nikaikunja. Mara ngapi? Niliikunja ikawa ndogo kama kidonge. Nikaweka mpya. Mfanyakazi mmoja. Aliondoka. Mapema. Hakunikataza mtu. Hakuna aliyesema neno. Nilimfanyia kazi yake kabla hajaishika penseli. Na jioni mama akaja akaniuliza, nikasema wamelikata, na nilipolisema likawa kweli, na miaka thelathini na minane limekuwa kweli.*

Alikaa sana pale. Mjane hakumfukuza. Alipoondoka, aliiacha karatasi ile mezani.

Siku ya hotuba alivaa koti la kijani lililotariziwa majani ya dhahabu, zito kama blanketi lililolowa. Mfukoni mlikuwa na hotuba aliyoiandika kabla ya kupewa ufunguo, ile ambamo Barradas ndiye mkataji. Alijua bado ingefaa. Nitaeleza jinsi ilivyofaa, maana jaribu likielezwa nusu huonekana dogo. Angeisoma, jina lingechapwa, Dona Benedita angekiweka kidole juu yake, padri angesoma misa, na Barradas, aliyekata mengi kweli, angebeba moja zaidi. Wafu hubeba. Ni mjane tu ambaye angejua, na mjane wa mkaguzi ni nani akamwamini? Ukweli, kwa upande wake, ulikuwa na kasoro kubwa: haukumhusu marehemu. Aking'ang'ania ukweli, kengele ingeweza kulia kabla jina halijatoka, na mama akakosa vyote.

Dona Benedita aliketi safu ya tatu, miaka themanini na tisa, mikono juu ya mkoba. Mjane aliketi safu ya kwanza, hamtazami mtu. Wasiokufa waliketi nusu duara, wengine wamekwisha kulala. Tibúrcio alikuwa na kengele mkononi kama bibi anavyoshika kijiko, tayari kuonja.

Anselmo alisimama. Mtunga riwaya ndani yake alitaka kurasa tatu za ukungu kwanza: swali juu ya kiti, fumbo juu ya Alhamisi, labda mwanamke asiye na jina akipita kwa mbali. Alihisi ukungu ule ukimpanda kooni, mtamu, umezoeleka. Lakini alikuwa pia mwandishi wa habari, na kila mwandishi wa habari hufundishwa siku ya kwanza kwamba lililo kubwa hutangulia, maana mhariri hukata kuanzia chini. Hakulijua somo hilo kuwa lina kazi ya namna hii. Akaiacha hotuba mfukoni.

"Zulmira Passos, mpangaji herufi," alisema, "alichukuliwa na askari wanne Alhamisi saa nne asubuhi, na aliyelikata jina lake gazetini si Heráclito Barradas, ambaye sifa yake pekee ninayoiweza ni kwamba alilingojea. Ni mimi."

Kengele ikalia. Tibúrcio aliitikisa kwa nguvu ambayo hakuna aliyemdhania anayo, na wazee wakaamka, mmoja akiuliza kama chai iko tayari. Lakini sentensi ilikuwa imetoka nzima, nukta kwa nukta, na waandishi waliokaa kwenye ngazi walikwisha kuiandika.

Dona Benedita alisimama. Hakulia. Alimwangalia Anselmo, na Anselmo aliona shaka ikiingia katika uso ule, uso pekee uliomwamini maisha yake yote. Hilo ndilo lililomuuma, kuliko kengele, kuliko koti.

"Umesema askari wanne," alisema mama yule. "Miaka yote hukuniambia ni wanne. Ulikuwapo?"

"Nilikuwapo, mama."

"Karibu?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne. Ukumbi ulinuka wino. Safu za viti zilikuwa meza, na dirishani mtu mpole alikohoa, akaweka penseli chini.

"Kama kutoka hapa hadi hapo ulipo. Mmoja wao aliniuliza kama namjua. Nikasema simjui."

Kengele ililia tena. Dona Benedita alisubiri itulie, kama anavyosubiri mtu gari kubwa lipite barabarani.

"Na Zulmira alisema nini?"

"Hakusema kitu. Aliita jina langu." Anselmo alishika ukingo wa meza. "Mara mbili."

Rais aliinua mkono kwa mara ya tatu, na mama yule mzee akamgeukia, mzee mwenzake mwenye dhahabu kifuani, akasema naye kama unavyosema na mtoto wa jirani aliyeshika kitu kisicho chake.

"Weka hiyo kengele chini, baba. Huyu bado hajamaliza."

"Yatakayofuata hayatachapwa, bibi," alisema Tibúrcio.

"Gazeti nitakuwa nalo kesho. Mimi sijui kusoma. Nataka kusikia."

Akaketi, akaweka mkoba magotini, akamwinulia Anselmo kidevu. Na Anselmo Quintela, mwandishi wa riwaya tisa, akaanza kumweleza kuanzia mlangoni, askari wa kwanza alivyoingia na alivyokuwa, na Zulmira alikuwa ameshika nini.